Birika la Yussuf

Wanangu mnaoanza kufundisha vyuo vikuu, mmoja wenu alikuja hapa kwangu Mukuyuni mwezi uliopita na daftari jipya na kalamu mbili. Akaniuliza, "Madam, ulikuwa unagawa makundi namna gani?" Nikamjibu kwa utani kwamba niliwagawa wanafunzi kama mahindi, wazuri huku na waliotobolewa na wadudu kule. Akaandika. Ilibidi nimshike mkono nimwambie afute. Basi nimeona bora niandike mwenyewe, kwa sababu mtu anayeandika kila anachoambiwa na mwalimu mzee anaweza kuharibu maisha ya watu, na mimi niliwahi kuharibu ya mtu mmoja.

Nilifundisha maendeleo ya jamii chuo kikuu zaidi ya miaka ishirini, na karibu kila likizo ndefu nilikuwa fildi na wanafunzi huku kwetu Ukambani. Ninyi mna jina refu la kazi hiyo. Nimeliona kwenye makaratasi ya semina: kujifunza kwa miradi, tena mmeongeza stadi za hisia na za kuishi na watu wa tamaduni nyingi. Sisi tuliita kutoka nje. Mkuu wa idara alikuwa akipita mlangoni kwangu anasema, "Mueni, watoe nje hao," nami nawatoa.

Kabla ya hapo mhadhiri alikuwa mtu wa kusoma noti. Mmoja wa walionifundisha alikuwa na noti zilizogeuka rangi ya chai, na alipofika mahali ambapo panya walikuwa wamekula karatasi alisema "na kadhalika," kisha akafungua ukurasa mwingine. Tuliiandika hiyo na kadhalika kwenye mtihani na tukapita. Kwa hiyo msinisikie nikilalamika mkadhani nataka noti zirudi. Kuwatoa wanafunzi nje ni kuzuri. Lakini darasani mwalimu akikosea anakosea kwenye karatasi tu, na fildi anakosea juu ya mtu.

Nianze na yale ya kuwasaidia, halafu nifike kwa Yussuf, maana ndiye ninayemwandikia hasa.

Usiwape kazi yoyote kabla hawajapika pamoja. Weka mahindi, maharagwe, unga, mafuta na sufuria moja, uondoke. Kundi moja nililopeleka Migwani liligombana saa mbili juu ya ugali uwe mgumu kiasi gani, na kijana mmoja wa Kisumu alitokwa na machozi alipoonyeshwa muthokoi, yale mahindi yetu yaliyotwangwa yakatoka ganda, akaambiwa ndicho chakula cha leo na ndicho cha kesho. Wewe kaa mbali na usicheke kwa sauti. Angalia nani anashika mwiko bila kuulizwa, nani anakwenda kuteka maji bila kutumwa, na zaidi ya wote angalia nani anakula mwisho. Huyo anayekula mwisho, mtafute. Huenda ni mpole tu. Huenda kuna kitu ndani ya sufuria asichoweza kula, na anaona haya kusema mbele ya watu waliokwisha kushiba.

Usimwache msichana awe katibu wa kundi kila mara. Mwenye maneno mengi mpe koleo. Asiyesema kitu mpe kazi itakayomlazimu kuleta habari, kisha ukae chini uisikilize hiyo habari mpaka mwisho.

Hayo yote niliyajua baada ya Yussuf. Nimeyatanguliza ili mjue kwamba sikuzaliwa nayo, na kwamba kuna mtu aliyelipia masomo yangu bila kuulizwa kama anataka.

Ilikuwa miaka ya themanini. Nilikuwa mwanamke peke yangu katika idara, na bado sijathibitishwa kazini. Nilipewa wanafunzi kumi na mmoja wa mwaka wa tatu, ule wa mwisho, niwapeleke upande wa Kyuso wiki nne. Walitoka kila pembe ya nchi: wa Nyeri, wa Kisumu, wa Kakamega, wa Pwani, wawili wa kwetu Ukambani na mmoja wa mbali kule ng'ambo ya Garissa. Huyo wa mwisho ndiye Yussuf. Kazi yao ilikuwa kujenga, pamoja na wananchi, ukuta wa zege wa kukinga mto wa mchanga.

Kwa asiyejua, mito yetu mingi haina maji ya kuonekana. Ni mchanga mtupu, na maji yako chini yake. Ukijenga ukuta imara ukiukata mto, mvua ikija mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na maji yanabaki humo mchangani miezi na miezi, jua lisiyapate. Wanawake wanachimba kidogo tu wanateka. Ukuta wenyewe ni kazi ngumu. Lazima uchimbe mpaka kwenye mwamba, umimine zege ndani ya mbao, kisha uimwagilie maji siku nyingi bila kuigusa. Zege changa ikikanyagwa au ikitikiswa imekwisha, hata kama kwa macho unaona imeshika.

Mradi huo ulikuwa na alama zake, na aliyefeli mradi alirudia mwaka mzima. Yussuf hangeweza kurudia. Aliniambia mwenyewe siku tulipokuwa tunapakia vifaa. Baba yake alikuwa amekufa, na ami yake alikuwa amemwachilia kwa miaka mitatu tu, kisha arudi ashike mifugo ili mdogo wake naye apate nafasi ya kwenda shule. "Madam, mimi niko na hii mwaka tu," alisema. Nikamwambia afanye kazi asiogope.

Sasa niwaambie juu ya kosa langu, na inabidi nianze na mama yangu.

Mama alikuwa kiongozi wa mwethya hapa Mukuyuni. Mwethya ni kazi ya pamoja, leo shambani kwa huyu, kesho tunachimba matuta kwa yule, nyingi zikifanywa na wanawake. Nilipokuwa mtoto niliona jambo moja lililonifurahisha kuliko harusi. Mwanamke akikosa kuja kazini, kundi zima lilikwenda kwake likiimba, likaingia likachukua kitu: kuku, chungu, hata jembe. Kitu hicho kilikaa kwa mama mpaka mwenyewe aje afanye kazi. Sisi watoto tulikimbia mbele tukipiga makofi. Hakuna aliyekosa mara mbili.

Nilikuwa nimechoka na vitabu vya nje vilivyotueleza jinsi ya kuunganisha vikundi. Nikasema, hapa kwetu tuna yetu. Siku ya kwanza Kyuso nikawakusanya wanafunzi nikawaeleza mwethya kwa fahari kubwa, jinsi mama yangu alivyofanya, na jinsi watu wasio ndugu walivyofanywa kuwa kitu kimoja na jembe. Niliongea vizuri siku hiyo, nakiri. Nikaweka sheria: asiyefika kazini siku mbili bila ruhusa, kundi litakwenda hemani kwake na kuchukua kitu chake kimoja, na alama zake za mradi zitakuwa zimekwenda. Wote wakapiga makofi. Yussuf naye alipiga. Nakumbuka aliniuliza maswali mawili juu ya mama.

Kiongozi wa kundi alikuwa Mutua, kijana wa Migwani, mchangamfu, mwenye nguvu na wimbo. Katibu, mnaweza kukisia, alikuwa msichana, Achieng kutoka Kisumu. Kazi ilikwenda. Wananchi walikuja kwa zamu, tukafika kwenye mwamba, tukaanza kumimina. Shida ilikuwa moja tu, ng'ombe. Wafanyabiashara wa mifugo, familia za Kiislamu kutoka kaskazini mashariki, walikuwa na njia yao ya kupitisha mifugo pale pale mtoni kwenda sokoni Kyuso. Mara mbili walipita wakabomoa kingo za shimo. Mutua alikwenda kuwafokea nao wakamfokea. Mimi nikasema nitamwandikia chifu barua, nikaandika, na barua ikalala kwa chifu.

Wiki ya tatu, Alhamisi, Yussuf hakuonekana kazini.

"Huyu ako wapi?" nikamuuliza Mutua.

"Ameenda kwa watu wake, Madam."

"Watu wake gani?"

"Si hawa wa ng'ombe. Aliniambia asubuhi anaenda huko kwao kuongea. Mimi nikamwambia sawa, lakini sheria unaijua."

Ijumaa pia hakuja. Nilidhani amekwenda msikitini, na kwamba amepata watu wa lugha yake, nyama na chai yenye maziwa, akasahau koleo. Achieng alinijia na lile daftari lake la mahudhurio akasema polepole, "Madam, mimi naona tungemngoja tumuulize kwanza. Yussuf si mtu wa kutoroka." Nikamwambia sheria ikianza kuuliza maswali si sheria tena. Nililipenda jibu hilo, tena nililirudia wakati wa chakula wengine walisikie.

Jumamosi asubuhi ndiyo tulikuwa tumalize kumimina. Kabla ya kazi Mutua akaanzisha wimbo, tukaenda hemani kwa Yussuf. Hakuwa na vitu vingi. Mutua akatoka na birika la plastiki la kijani, lile la kutawadhia, akaliinua juu na kundi zima likaitikia. Wa Pwani aliyekuwa kwetu, kijana Mwislamu naye, aliacha kuimba akatazama chini. Nilimwona. Nikajiambia aibu yake ni ya mwenzake.

Tulikuwa bado tunaimba Yussuf alipotokea akipanda kutoka mtoni. Alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi, na alikuwa anatabasamu. Aliinua mkono akisema, "Madam, nimeongea na—" na wimbo ukalimeza lililobaki. Akaona kilichokuwa mikononi mwa Mutua. Akanitazama. Nami nilikuwa nacheka, wanangu. Sikumcheka yeye, nilikuwa na furaha kwa sababu jambo la mama yangu lilikuwa limefaulu mbele ya wanafunzi wa kutoka nchi nzima. Nikamwambia, "Kwanza fanya kazi, utaongea baadaye."

Aliingia hemani, akatoka na begi lake, akashuka njia ile ile aliyokuja nayo. Tulidhani atarudi jioni. Mutua akaning'iniza birika kwenye mti karibu na jiko, tukaenda kumimina zege.

Jumatatu ng'ombe walikuja. Walikuwa wengi kuliko siku zote, wenye kiu, na walipoona maji tuliyoyakusanya kwa kumwagilia ukuta hakuna mtu aliyeweza kuwazuia. Waliingia kwenye mbao, wakakanyaga, wakasukumana. Ndama mmoja alianguka shimoni akavunjika mguu. Walipomaliza kupita, ukuta ulikuwa na nyufa tatu za kupitisha mkono, na upande wa kushoto ulikuwa umelala mchangani na mbao zake. Wanawake wa pale waliokuwa wamebeba mawe kwa wiki tatu walikaa kwenye ukingo wakatazama. Hawakulia wala hawakutulaumu. Walifunga leso zao wakaenda nyumbani.

Mwenye ng'ombe, mzee aliyeitwa Bare, alifika nyuma ya kundi lake. Alikuwa na hasira juu ya ndama, Mutua alikuwa na hasira juu ya ukuta, na karibu washikane. Nikaingia kati.

"Mzee, kwa nini mmepitisha hapa na mnaona tunajenga?"

"Kwa nini unaniuliza mimi?" akasema Mzee Bare. "Kijana yenu alikuja kwetu, akatuomba tuzungushe ng'ombe kule juu mpaka mumalize. Tukakubali, hata kama ni mbali. Jumamosi akapita na begi. Tukamuuliza imekuwaje, akasema yeye si wa huko tena. Sasa kama mwenyewe ameondoka, tungeshika maneno ya nani?"

Achieng alikuwa amesimama kando yangu na daftari. Alilifunga.

Kwa hiyo nilijua siku ile ile. Sikilizeni hapo, kwa sababu hapo ndipo ninyi mnaweza kuniuliza na mimi sina pa kujificha. Kosa la Jumamosi lilikuwa la ujinga. La baada ya hapo lilikuwa langu kwa akili timamu.

Alama zilikuwa zinapelekwa baada ya wiki mbili. Nilirudi chuoni nikaandika barua kwa mkuu wa idara, ukurasa mmoja: kwamba Yussuf hakutoroka, alikwenda kufanya kazi ambayo hakuna mwingine wetu angeweza kuifanya, kwamba sheria niliitunga mimi, nikaitumia vibaya, na kwamba mradi ulianguka kwa sababu yangu. Ilikuwa barua nzuri. Nikaitia kwenye droo. Mwezi ule ule kamati ilikuwa inakaa juu ya kuthibitishwa kwangu. Mwenzangu mmoja, wa wale wazee wa kusoma noti, alikuwa amekwisha kusema mbele ya watu kwamba mwanamke fildi atapoteza wanafunzi. Nikasema nitaipeleka Jumatatu. Jumatatu nikasema Alhamisi. Nilikuwa nikiifungua droo kila asubuhi, naiona, naifunga. Niliogopa. Nimejaribu miaka mingi kutafuta neno jingine la heshima zaidi na sijalipata.

Alama zikaenda na sifuri yake ndani. Mimi nilithibitishwa. Yussuf aliandikiwa arudie mwaka, na hakuja kurudia. Nilipoipeleka barua hatimaye, mkuu wa idara aliisoma akiwa amesimama, akanirudishia, akasema jambo hilo limekwisha kufungwa na kwamba nisijiharibie.

Likizo iliyofuata nilikuja hapa nyumbani. Mama alikuwa anachambua ndengu kwenye ungo, nami nikakaa karibu naye nikamweleza yote, nikitumaini atanipoza. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na kabla ya kwenda kumchukulia kitu, nani alikwenda kumwona?" akauliza.

"Kumwona vipi, mwaitu?"

Aliacha ungo. "Mueni, mimi siku zote nilikuwa naenda peke yangu kwanza, kabla ya jua, nikamuulize mtu amepatwa na nini. Kama ana mgonjwa, tunabeba majembe tunakwenda kulima kwake. Nikikuta ni uvivu, ndipo naita wengine waje na wimbo. Na akimaliza kazi yake, chungu nakirudisha mimi mwenyewe, na unga ndani. Ulifikiri watu wangekubali kuingiliwa nyumba hivi hivi?"

"Sikuwahi kuona ukienda."

"Ulikuwa umelala. Ulichukua nusu, ile ya watoto."

Akaendelea kuchambua ndengu. Hakunipoza, na hakulitaja jambo hilo tena mpaka alipokufa.

Tangu hapo sikuweka sheria ya namna ile. Kila kundi nililopeleka fildi, mtu akikosa kazini niliacha kila kitu nikaenda mwenyewe kumwona, na nilikuta mengi: msichana aliyekuwa na hedhi na hana pa kujifungia, kijana aliyepata habari ya msiba akaogopa kuomba ruhusa, mwingine aliyeshindwa tu na jua akaona haya mbele ya wasichana. Na wavivu pia nilikuta, msidhani sikuwakuta. Mwaka uliofuata nilirudi Kyuso na darasa jingine tukaujenga ukuta upya, Mzee Bare akazungusha ng'ombe baada ya mimi kwenda kwake mara nne na kunywa chai yake mara nne. Wanafunzi wangu wa baadaye walinisifu kwamba nina moyo wa kuwasikiliza watu. Kila nilipoambiwa hivyo nilitazama mahali pengine. Birika la kijani nililihifadhi ndani ya sanduku la kamba na vipimo, na kila nilipofungua sanduku ndilo lililokuwa juu.

Nimestaafu mwaka jana tu. Achieng, ambaye sasa ni ofisa wa maendeleo huko upande wa Kitui, alinipigia simu pale posta nikaitwa. "Madam, nimemwona," alisema, wala hakuhitaji kutaja jina. "Anauza mbuzi Kyuso siku ya soko."

Nilikwenda. Nilimpata amesimama kati ya mbuzi wake na fimbo begani, ndevu zimeanza kuwa nyeupe, akibishana bei na mtu. Alipomaliza akageuka, na akanitambua bila kusita.

"Madam Mueni."

"Yussuf."

Nikalitoa birika kwenye kikapu nikampa. Alilipokea kwa mikono miwili. Nami nikaanza kusema. Nilikuwa na hotuba niliyoitayarisha tangu kwenye basi, na labda tangu miaka yote ile. Nilimwambia juu ya barua, droo, kamati, woga wangu, mama yangu na ile nusu. Nilimwomba msamaha mara tatu, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Watu walipita na mifugo yao wakatutazama. Yeye alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Ile ukuta ilijengwa tena?" akauliza nilipomaliza.

"Ilijengwa. Mwaka uliofuata."

"Maji iko?"

"Iko. Hata kiangazi."

"Hiyo ni vizuri." Akalizungusha birika. "Na mdogo wangu alisoma. Ni mwalimu." Kisha akasema, bila ukali wowote, "Madam, umeongea mambo mingi, na nimekusikia. Lakini kuna kitu moja hujaniuliza. Ile siku hukuniuliza, na hata leo bado hujaniuliza."

Nilisimama pale na miaka yangu yote ya kufundisha watu kusikilizana, na ilinichukua muda kujua anasema nini.

"Ulikuwa wapi, Yussuf?"

"Ngoja niswali kwanza, halafu nikwambie."

Akalijaza birika maji kutoka mtungi wa jirani yake, akaenda nyuma ya duka. Mimi nikakaa juu ya gunia la ndengu nikamngoja, na sikufanya haraka.

Aliporudi alikaa kwenye gunia la pili. Akanieleza kwamba alikwenda na watu wa Mzee Bare siku mbili kwa sababu walikuwa wanahama na mifugo, na hawakutaka kuongea na mtu asiyetembea nao. Ijumaa baada ya swala wakakubali kuzungusha ng'ombe. Hilo nililijua.

"Lakini hiyo ilikuwa ya kwanza," akasema. "Ya pili niliwaeleza mwethya. Vile wewe ulitueleza, ile ya mama yako, watu wanakuwa kitu moja na jembe. Walipenda sana. Wanaume kumi na mbili walisema watakuja tufanye pamoja mpaka ukuta iishe, na punda wanne wa kubeba maji. Mimi nilitoka alfajiri nikimbie niwaambie ninyi kabla hamjaanza kazi."

Aliwatazama mbuzi wake.

"Walikuwa wananingoja tu nirudi niwaambie waje saa ngapi."